Jina Moja Ukutani

Katika chumba cha chini cha kanisa la makaburini huko Sedlec, kitongoji cha mji wa Kutná Hora katika Jamhuri ya Cheki, kuna mifupa ya watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 70,000. Sikuona jina la hata mmoja wao. Jina nililoliona ni moja, liko ukutani karibu na ngazi, nalo ni la fundi: František Rint, wa Česká Skalice, 1870. Herufi zake zimetengenezwa kwa mifupa ya watu hao hao.

Nilisimama mbele ya jina hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote mle ndani. Wageni wengine walikuwa wakilitupia jicho na kupita, wakiwahi kuiona taa kubwa inayoning'inia katikati. Nawaelewa. Taa ndiyo inayotangazwa, ndiyo iliyonileta hata mimi. Lakini nimerudi nikiwa na hoja moja kuhusu mahali hapa: kazi zilizomo ni mbili, zilifanywa na mikono miwili tofauti, na sisi tunaokwenda kutazama tumezoea kuisifu ile isiyostahili zaidi.

Nilikwenda mwanzoni mwa Novemba, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili mjini Berlin. Unapanda treni hadi Prague, kisha nyingine ya kama saa moja. Stesheni kuu ya Kutná Hora iko huku Sedlec, mbali na mji wa kale, kwa hiyo unatembea dakika chache tu. Njiani unapita kiwanda cha tumbaku. Sikujua wakati ule kwamba kiwanda hicho kimo katika majengo ya monasteri yenyewe. Wamonaki wa shirika la Wasistersiensi walifika hapa mwaka 1142. Kaisari Joseph II aliifunga nyumba yao mwaka 1783, na tumbaku ikaingia mwaka 1812. Msomaji aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda anaweza kuiwazia abasia hiyo ilivyokuwa: mashamba, karakana, kengele, na makaburi pembeni. Hapa watawa wameondoka. Limebaki kanisa lao kubwa, kiwanda, na wafu.

Mlangoni kuna sharti: hakuna kupiga picha. Limekuwepo tangu Januari 2020, baada ya wageni kuzidi kujisahau. Walikuwa wakiyavalisha mafuvu kofia na miwani, wakiyahamisha, wakiyabusu ili wapate selfi nzuri. Niliingiza simu mkobani, na nikajishangaa kwa unafuu niliousikia. Sababu ya unafuu huo nitaieleza, maana bila hiyo nisingekuwa na haki ya kumhukumu Rint.

Kwanza, wafu hawa walifikaje. Inasimuliwa kwamba mwaka 1278 Abate Henry wa Sedlec alitumwa na Mfalme Otakar II kwenda Nchi Takatifu, akarudi na udongo kiasi kutoka Golgotha, akaunyunyiza makaburini. Habari ikaenea, na watu wa Bohemia na wa nchi za jirani wakataka kuzikwa hapo. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1318. Baada yake ikaja tauni, katikati ya karne hiyo. Karne iliyofuata zikaja vita vya Wahusi, wafuasi wa Jan Hus, ambao waliichoma monasteri mwaka 1421. Eneo halikutosha tena. Mifupa ikafukuliwa na kuwekwa katika chumba cha chini cha kanisa. Masimulizi yanasema kwamba mwaka 1511 kazi ya kuipanga alipewa mmonaki aliyekuwa nusu kipofu.

Katika masimulizi yote ya Sedlec, huyo ndiye mtu ninayempenda. Sijui kama alikuwa kipofu kiasi hicho, na jina lake halikuhifadhiwa. Lakini kazi ya namna ile unaweza kuiona mpaka leo, kwenye pembe nne za chumba: vichuguu vinne vikubwa vya mifupa, vipana chini na vyembamba juu, ambavyo watu huviita piramidi. Mafuvu na mifupa mirefu imepangwa safu juu ya safu, na juu ya kila piramidi kuna taji la mbao lililopakwa rangi ya dhahabu. Hilo ndilo pambo. Hakuna fuvu lililochaguliwa kwa uzuri wake. Mtu aliyekufa kwa njaa amelala juu ya aliyekufa kwa tauni, naye amelala juu ya aliyekufa kwa rungu, na mtazamaji hawezi kujua nani ni nani.

Ukizitazama piramidi hizo kwa dakika tano, ukimya wake unaanza kueleweka. Aliyezipanga alikuwa na tatizo la nafasi na imani ya ufufuo. Watu hawa wataamka siku moja, kwa hiyo wawekwe pamoja, wawekwe kwa utaratibu, na taji liwangoje juu. Huhitaji kuiamini imani hiyo ili uone kwamba imeipa kazi mipaka. Mpangaji hakuruhusiwa kuutumia mfupa kwa jambo lingine. Mfupa ulibaki kuwa sehemu ya mtu anayesubiri.

Rint alikuja karne tatu na nusu baadaye. Mali ya monasteri ilikuwa imeshanunuliwa na ukoo wa Schwarzenberg, na ukoo huo ukampa fundi huyu mchonga mbao kazi ya kuipanga upya mifupa iliyokuwemo. Aliisafisha na kuipausha kwa chokaa yenye klorini, na ndiyo maana ina weupe ule unaoelekea umanjano, kama pembe ya zamani. Halafu akaunda. Aliunda taa ya kuning'inia ambayo inasemwa kila aina ya mfupa wa mwili wa binadamu imo, walau mmoja. Aliunda mikufu ya mafuvu inayopita kwenye matao kama mapambo ya ukumbi wa harusi. Aliunda vikombe vikubwa vya altare. Na aliunda nembo ya ukoo uliomlipa.

Niseme wazi kwamba Rint ni fundi hodari. Ningependa awe mbaya, kazi ya kumkosoa ingekuwa rahisi. Ameuelewa mfupa kama seremala anavyouelewa ubao: anajua upi una mkunjo, upi unabeba uzito, upi ukiuning'iniza utacheza kidogo hewani. Pingili za uti wa mgongo amezifanya shanga. Mifupa ya nyonga, iliyo mipana, ameifungua kama maua. Ukisimama chini ya taa na kuinua macho, sekunde ya kwanza unaona taa. Unafurahia ulinganifu wake. Sekunde ya pili ndipo unakumbuka.

Na hapo ndipo ninapoachana naye. Nguvu yote ya taa ile iko katika sekunde ya kwanza, ule muda ambao mtazamaji amesahau kwamba anaangalia watu. Rint anatuomba tusahau, kisha anatulipa kwa mshtuko tunapokumbuka. Ni mchezo mzuri, lakini ukishachezwa mara moja umekwisha. Niliirudia taa mara tatu siku ile, na mara ya tatu niliona ustadi peke yake. Piramidi kila nilipozirudia zilikuwa nzito zaidi.

Nembo ndiyo iliyonikasirisha. Katika kona moja yake kuna kunguru anayemdonoa jicho Mturuki. Ni kumbukumbu ya ushindi wa Adolf wa Schwarzenberg dhidi ya Waturuki huko Raab mwaka 1598, na familia iliiweka katika nembo yake kwa fahari. Rint amemtengeneza kunguru huyo kwa mifupa, na kichwa anachokidonoa ni fuvu la mtu. Fikiria mkulima wa Bohemia aliyekufa kwa njaa, akaomba jambo moja tu, alale kwenye udongo ulioguswa na Golgotha. Miaka mia kadhaa baadaye kichwa chake kimefanywa kichwa cha adui wa tajiri ambaye hakumjua, katika ushindi uliotokea baada ya kifo chake. Sina njia ya kujua fuvu lile lilikuwa la nani. Wala Rint hakuwa nayo, na ni wazi kwamba swali hilo halikumzuia.

Baada ya nembo, ile saini ukutani inasomeka tofauti. Fundi kutia jina kwenye kazi yake ni jambo la kawaida, na mahali pengine ningesema ni haki yake, hasa pale ambapo mwenye fedha ndiye hukumbukwa. Lakini hapa jina limeandikwa kwa watu wasio na majina. Kuna mtu humo ndani ambaye mfupa wake ni mstari wa herufi ya jina la Rint.

Mwaka 1970, miaka mia moja baada ya Rint, mtengeneza filamu Jan Švankmajer aliingia na kamera na kutoa filamu ya dakika kumi hivi, nyeusi na nyeupe, iitwayo Kostnice, yaani nyumba ya mifupa. Sauti ya awali ilikuwa ya mwongoza wageni akiwatembeza wanafunzi, huku akiwaonya wasiguse. Wenye mamlaka hawakuipenda, na ikabidi iwekwe sauti nyingine, muziki wa Zdeněk Liška. Nimeziona zote mbili. Ile yenye muziki ni nzuri, na kwa uzuri wake inafanya kosa la Rint: picha zinakatwa harakaharaka kwa mapigo ya muziki, mfupa unakuwa mchezo. Ile ya mwongozaji ndiyo kazi kubwa. Sauti yake ya kila siku, ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara elfu, inakugutusha kuliko fuvu lolote. Unasikia jinsi mahali pa wafu panavyogeuka kuwa ajira na ratiba.

Niliijua sauti hiyo. Mimi ni mtu wa Iringa, na fuvu la kwanza kuliona maishani lilikuwa la Mkwawa, pale makumbusho ya Kalenga, nikiwa darasa la tano. Mwalimu wetu alisema: msiguse kioo, msisukumane, mkitoka nje nitawauliza maswali. Tuliandika kwenye madaftari. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles ukataka kirudishwe. Mwaka 1954 Gavana Twining akaleta fuvu alilolichagua kwa vipimo kutoka katika mafuvu yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Mwalimu hakutuambia hilo, na sidhani kama lingetusumbua. Lilikuwa na jina, na jina lilitufanya tunyamaze.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hicho ndicho kipimo: mfupa wenye jina umeheshimiwa, usio na jina umedhalilishwa. Berlin ilinipa sababu ya kuendelea kuamini hivyo. Taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa huko ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni kutoka eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika matokeo ya mwaka 2023, 202 yalihusishwa na maeneo ya Tanzania ya leo, na mengi zaidi na Rwanda. Mwaka huohuo vinasaba viliyaunganisha baadhi na familia zilizo hai Kilimanjaro, na mmoja wa marehemu alikuwa mshauri wa Mangi Meli, yule ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Nilipoisoma habari hiyo chumbani kwangu, umbali wa vituo vichache vya treni kutoka kwenye mafuvu yenyewe, nililia. Jina lilikuwa limerudi kwenye mfupa.

Sedlec imenisahihisha. Watu wa piramidi hawana majina, na bado sikuona kwamba wamedhalilishwa. Walikuja kwenye udongo ule kwa kutaka kwao au kwa kutakiwa na ndugu zao, na aliyewapanga aliendelea na kile walichokitaka. Mafuvu ya Berlin yaliibwa ili yapimwe. Mifupa ya Rint haikuibwa na wala haikutoka kwenye udongo wake, lakini ilipewa kazi ambayo haikuombwa kuifanya. Kwa hiyo kuuliza kama mfupa una jina hakutoshi. Lazima pia tuulize unafanya kazi ya nani.

Sasa nieleze kuhusu simu.

Miaka michache iliyopita barabara ya kwetu ilipanuliwa, na kaburi la bibi, mama yake baba, lilikuwa ndani ya alama. Baba mkubwa alinipigia simu chuoni, nikaenda. Aliyefukua alikuwa mzee mmoja wa jirani ambaye alikuwa ameshayahamisha makaburi mengine mawili wiki hiyo. Alifanya kazi taratibu, kwa mikono zaidi ya koleo. Kila alichokitoa alikitaja kwa sauti ya chini, mguu huu, mkono huu, na kukiweka kwenye sanduku dogo lenye shuka jeupe, kuanzia miguuni kwenda juu, ili alale kama anavyolala mtu. Kichwa kilitoka mwisho. Nilitoa simu nikapiga picha.

Shangazi aliniona. Aliniuliza, "Umemwomba?" Nikamjibu kwamba ni kumbukumbu tu. Hakuongeza neno.

Picha ile nilikwenda nayo Ujerumani. Muhula wangu wa kwanza tulikuwa na semina kuhusu kumbukumbu na mali iliyoporwa, na kila mmoja alitakiwa kutoa wasilisho. Niliiweka bibi kwenye skrini. Nilizungumza vizuri. Nilisema maneno mengi kuhusu ardhi, maendeleo, na nani anaruhusiwa kulala mahali pamoja. Darasa lilinyamaza kama tulivyonyamaza Kalenga. Mwenzangu mmoja alisema ni picha yenye nguvu sana. Nilipata alama ya juu kuliko zote nilizopata mwaka ule. Chini ya picha, kwenye kona ya kulia, palikuwa na jina langu na tarehe.

Ndiyo maana nilisimama pale ukutani. Nilikuwa nimeisoma saini ya Rint kwa hasira kwa muda wa dakika kadhaa kabla sijatambua kwamba naijua.

Sisemi haya ili kila anayepiga picha ya msiba ajione mwizi. Kwetu tunapiga picha misibani, na familia nyingi zina furaha kuwa nazo. Wala sidai Rint afutwe. Akivunjwa leo, mifupa itapelekwa wapi, na kwa amri ya nani? Ninachosema ni hukumu ya mkosoaji, na nadhani ni ya haki: ustadi hautoshi kuisafisha kazi iliyowatumia watu wasioweza kukataa. Kadiri ustadi unavyokuwa mkubwa, ndivyo unavyotusaidia kusahau swali. Nililifahamu hilo kwa kuangalia taa, lakini nililiamini kwa sababu ya wasilisho langu.

Kwa anayekusudia kwenda, nina ushauri. Ukishuka ngazi, usitazame juu. Nenda kwanza pembeni, kwenye piramidi. Kanisa limekuwa katika ukarabati tangu mwaka 2014, na sehemu ya kazi hiyo ni kuzifungua piramidi, kusafisha mifupa mmoja mmoja, na kuipanga upya. Ni kazi ya miaka, ileile ya mmonaki wa 1511, na kama yeye hawatatia saini kwa mifupa. Ukishaona jinsi mtu anavyoweza kushika maelfu ya wafu bila kuwatumia, ndipo urudi katikati na kuitazama taa. Utaiona vizuri zaidi kuliko mimi nilivyoiona mara ya kwanza.

Jioni ile nikiwa kwenye treni ya kurudi Prague nilimpigia shangazi. Nilimweleza nimetoka wapi, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kwamba picha ya bibi niliionyesha darasani, mbele ya watu kama ishirini. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Uliwaambia jina lake?"

Sikuwa nimewaambia. Niliandika "bibi yangu" na kuendelea na hoja.

Nikamwomba ruhusa ya kuliandika jina hilo hapa, katika makala hii. Akasema jambo hilo si lake peke yake, atazungumza kwanza na baba mkubwa na wadogo zake. Bado nasubiri jibu lao.